Wiki ya nne, maumivu yamekata? Rudisha slingi!

Mkuu, unasema una wiki ya nne tangu ushonwe kano ya bega (ule ukanda unaoshika msuli kwenye mfupa), maumivu yamekata, unataka kuvua slingi, yaani kitambaa kinachoning'iniza mkono, na unauliza lini utaendesha gari na ulaleje. Nimefika hapo kwenye "maumivu yamekata" bega langu likanisisimka. Rudisha slingi kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nilikuwa hapo hapo ulipo. Vidonge nimeviacha, vidonda vimekauka, najiona mzima. Jamaa mmoja wa gym, kifua kama mlango, akaniambia, "Mkono usiotumika unaganda, hao madaktari wanakutisha tu." Nikamwamini! Mtu ambaye bega analijua kwa kulitazama kwenye kioo. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli: bega usipolichezesha linakakamaa. Ila kuna mkono kuinuliwa, yaani na mtaalamu wa fiziotherapia au kwa mkono wako mwingine huku misuli ya bega imelegea, na kuna mkono kujiinua wenyewe. Huko kuinuliwa nilishaanza kufanyishwa. Kujiinua ndiko kulikonimaliza.

Asubuhi hiyo nikavua slingi, nikanyoosha mkono kuchukua birika la maji jikoni. Birika, wakuu, sio gunia! Halijapanda hata shibiri moja, nikasikia "tap" ndani ya bega, kama uzi wa kifungo unapokatika. Wala halikuuma sana, na hapo ndipo nilipopotea. Nikafuta maji sakafuni, nikajiambia ni viungo tu vinalia. Wiki tatu nikajidanganya hivyo, mpaka siku nilipotaka kuchana nywele mkono ukagoma. Nikiulazimisha, bega lote linapanda kwenda sikioni, utadhani nauliza "mimi najuaje?"

Kipimo cha MRI, kile cha picha za ndani ya mwili, kikaonyesha kano imechanika tena. Vile viskurubu walivyoniwekea kushika nyuzi za kushonea viko mfupani, vimetulia kabisa, ila nyuzi zimeikata kano kama waya unavyokata sabuni. Daktari akanieleza kitu ambacho laiti ningekielewa mapema: uzi unaishikilia kano tu, kuota upya kwenye mfupa ni kazi ya miezi. Maumivu yanaondoka kwa sababu uvimbe umetulia, kano yenyewe bado mbichi. Nikashonwa mara ya pili, na safari hiyo kano ilishajivuta ndani, kazi ikawa ngumu zaidi. Wiki 6 nyingine za slingi, kuanzia sifuri.

Na yule aliyeandika karatasi yangu ya kuruhusiwa wodini naye simwachi. "Epuka kazi nzito." Basi! Birika ni kazi nzito? Kwa kano ya wiki ya nne hata kikombe ni kazi nzito, maana mkono wenyewe una uzito wake. Angeandika hivyo nisingekuwa hapa nakupigia kelele.

Kwa hiyo mkuu, ukienda kliniki usiulize "naendeleaje?" Uliza hivi: "Ni lini naruhusiwa kuinua mkono kwa nguvu zake wenyewe?" Wengi huambiwa baada ya wiki 6 hivi, mchaniko ukiwa mkubwa husubirishwa zaidi, na mazoezi ya kuongeza nguvu huja karibu na wiki ya 12. Jibu litoke kwa aliyekushona, maana ndiye aliyeiona hiyo kano. Sio kwa mwenye kifua kama mlango, na wala sio kwangu.

Kulala: nusu umekaa, mito mgongoni, mmoja chini ya kiwiko, slingi ukiwa umeivaa. Ndiyo, hata usiku, usingizini mkono haujui kama umeshonwa. Vidole na kiganja endelea kuvichezesha, na kiwiko kama ulivyoelekezwa.

Kuna kitu kingine uliuliza, kimenitoka. Slingi umeshairudisha?