Kabla hujaiamini ramani ya vita vya msituni, uliza "Beni ni ipi?"

Mzee mmoja wa Butembo, aliyekuwa mfasiri wetu, alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama ramani niliyomaliza kuipaka rangi. Akaweka kidole kwenye doa jekundu kuliko yote. "Mwanangu, hii ni Beni mjini ao Beni teritware?" Nikamwambia Beni ni Beni. Akavuta kiti, akaketi, na kazi yangu ya miezi minne ikaanza upya siku hiyo.

Kwa asiyeijua Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo: Beni ni mji, na Beni ni eneo zima la utawala linalouzunguka mji huo, lenye makao yake Oicha, takriban kilomita 30 upande wa kaskazini. Masisi ni hivyo hivyo. Rutshuru, Lubero na Walikale pia. Habari ikisema "watu sita wauawa Beni", bila kutaja kijiji, programu nyingi huuchukua mji na kuipachika nukta katikati yake. Nami nilikuwa nimegawa ramani kwa miraba ya nusu nyuzi (nusu digrii), ambayo karibu na ikweta ina upana wa kilomita 55 hivi. Mji wa Beni umekaa ukingoni kabisa mwa mraba wake. Oicha imo katika mraba mwingine. Kwa hiyo vifo vya mashambani, vya barabara ya Mbau kwenda Kamango na vya pande za Eringeti, vilikuwa vimehamia mjini kwenye kompyuta yangu, na vijiji vilivyokuwa vikizika watu vilionekana vimetulia. Ramani ile ilikuwa iende kwa watu wanaopanga malori ya msaada.

Modeli yenyewe, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data hiyo ili kutabiri mraba upi utakuwa na shambulio, ilikuwa imefaulu mtihani. Ilipatia zaidi ya mara 95 kati ya 100. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonidanganya zaidi.

Ushauri wangu wa kwanza kwa unayeanza kuchambua vita vya aina hii, vita visivyo na mstari wa mbele wala sare, ni huu: usianze na hesabu, anza na mstari mmoja wa jedwali la data, ambamo kila mstari ni tukio moja. Chukua mistari 50 bila kuchagua, rudi kwenye habari ya asili ya kila mmoja, uisome yote hadi mwisho, kisha ujiulize kama wewe ungeandika vile vile. Nilipofanya hivyo niliikuta Kibirizi ya Rutshuru imepachikwa Kibirizi ya Kigoma, kule pwani ya Ziwa Tanganyika tunakopanda boti. Jina ni moja, nchi ni mbili, na Tanzania ilikuwa imepewa shambulio ambalo halikuwahi kuwa lake.

Nilikuta pia tatizo ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili angelitambua kama angeulizwa. Shahidi anasema walikuja "usiku wa kuamkia Jumapili". Redio moja inaandika Jumamosi, nyingine Jumapili. Ya kwanza inataja maiti saba. Ya pili inataja tisa, kwa kuwa majeruhi wawili walikufa hospitalini asubuhi. Kwenye jedwali yakawa mashambulio mawili yenye vifo 16. Tangu hapo nikiona matukio mawili ya kijiji kimoja yaliyopishana siku moja, huyasoma pamoja kabla ya kugusa kitu kingine.

Kisha kuna swali la nani alifanya. Hapa nakuomba uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Mauaji ya kuzunguka Beni yalipoanza kushamiri Oktoba 2014, habari nyingi ziliyabebesha kundi moja, ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Baadaye wachunguzi, wakiwemo wa Umoja wa Mataifa, walionyesha kwamba kulikuwa na mikono mingine pia, ikiwemo ya baadhi ya maofisa wa jeshi la serikali na wanamgambo wa hapo hapo. Habari ya awali husema "wanaodhaniwa kuwa ADF". Anayeingiza data anaandika "ADF", neno "wanaodhaniwa" linabaki njiani, na modeli inajifunza uhakika ambao hakuna aliyekuwa nao. Wakenya wanayakumbuka mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014: al-Shabaab walisema ni sisi, rais akasema ni mitandao ya kisiasa ya ndani. Weka safu mbili, moja ya anayetajwa na nyingine ya anayemtaja. Jeshi likimtaja adui wake, hiyo ni taarifa ya jeshi, na iandikwe hivyo. Majina nayo yachunguze. Raia Mutomboki, kwa mfano, inasomeka kama jeshi moja, kumbe ni makundi mengi yenye makamanda tofauti, na mara nyingine yanapigana yenyewe kwa yenyewe.

Kuna kimya pia, na kimya kina madhara kuliko kosa kwa sababu hakionekani. Mtafiti Nils Weidmann alilinganisha matukio ya Afghanistan yaliyotangazwa na vyombo vya habari na kumbukumbu za jeshi lenyewe, akaona kwamba penye mtandao wa simu tukio lina nafasi kubwa zaidi ya kuripotiwa. Fikiria maana yake kwetu: mnara unasimikwa kilimani, na mwaka unaofuata jedwali linasema vita vimezidi, ilhali kilichozidi ni simu. Kinyume chake kilionekana Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, mawasiliano yalikatika, na kwa muda waliojua kinachoendelea walikuwa ni wale waliokuwa wakikimbia kwa miguu na kwa mashua. Jedwali la siku zile lina sifuri ambazo si sifuri. Mimi sasa hutenganisha alama mbili: "hakuna tukio" na "hakuna habari". Ni kazi ya kuchosha, inakulazimu kujua lini redio ya wilaya ilifungwa na lini barabara ilikatika, lakini sijaona njia ya mkato.

Haya hayakuanza na kompyuta za leo. Mwaka 1967 Wamarekani walianzisha Vietnam mfumo wa kupima usalama wa vitongoji, zaidi ya 12,000, kila mwezi, kwa alama za A hadi E, na V kwa vile vilivyokuwa mikononi mwa Viet Cong, waasi wa Kikomunisti. Waliotoa alama walikuwa washauri wa wilaya, yaani watu waliotumwa kuiboresha wilaya hiyo hiyo waliyoipima, na wengi walikaa mwaka mmoja tu wakaondoka. Mwishoni mwa 1967 mfumo ulionyesha takriban theluthi mbili ya watu wako kwenye usalama wa kuridhisha. Mwisho wa Januari 1968 yakaja mashambulizi ya waasi hao na jeshi la Vietnam Kaskazini, yaitwayo ya Tet, nchi nzima. Toleo jipya, lililoanza kutumika 1970, lilibadilisha utaratibu: mshauri akajibu maswali tu, na alama ikakokotolewa Saigon, asijue kila jibu lina uzito gani. Walikuwa wameelewa kitu muhimu. Unapopokea data, uliza aliyeijaza anapata nini namba ikipanda na anapoteza nini ikishuka. Askari akipandishwa cheo kwa idadi ya maiti za adui, maiti zitapatikana.

Hesabu ya vifo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Wengi mmesikia kwamba vita vya Kongo viliua watu milioni 5.4. Namba hiyo ilitokana na tafiti za kaya za International Rescue Committee, na inahusu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Si waliopigwa risasi. Ni vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida, vingi vikiwa vya malaria, kuhara, homa ya mapafu na njaa. Lakini "kiwango cha kawaida" ni kipi katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ni ya 1984? Watafiti walitumia wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Human Security Report Project ya Kanada ikapinga: Kongo ilikuwa na hali mbaya hata kabla ya vita. Wakakipandisha kiwango hadi 2.0, na hesabu ya tafiti tatu za mwisho ikashuka kutoka takriban milioni 2.8 hadi chini ya milioni moja. Nusu ya kifo kwa watu elfu kwa mwezi ndiyo iliyobadilisha hadithi nzima. Sisemi hili ili kupunguza machungu ya mtu. Nasema kwamba kila makadirio yana nguzo moja au mbili yanazozisimamia, na wajibu wako ni kuzitikisa mwenyewe, kisha kuandika wazi namba inayumba kiasi gani.

Peru walikuwa na tatizo la kinyume: majina yalikuwepo, lakini pungufu. Tume ya ukweli, iliyochunguza vita vya serikali na waasi wa Shining Path vya 1980 hadi 2000, ilikuwa na orodha mbalimbali zenye jumla ya majina kama 24,000. Wakatumia njia iliyozoeleka kwa wanaohesabu samaki ziwani: vua, tia alama, rudisha majini, vua tena, tazama wangapi wenye alama wamerudi. Majina yanayojirudia katika orodha yanakuonyesha ni mengi kiasi gani yasiyomo katika orodha yoyote. Mwaka 2003 wakakadiria vifo 69,280, kati ya takriban 61,000 na 77,500. Mwaka 2019 mchumi Silvio Rendón aliipinga hesabu hiyo, akatoa ya chini yake, na wenye hesabu wakajibu. Mabishano hayo yaliwezekana kwa kuwa njia ilikuwa wazi. Nawe iache njia yako wazi.

Sasa turudi kwenye zile 95 kati ya 100. Katika miraba ya vita vya msituni, miezi mingi ya miraba mingi haina tukio lolote. Mtu akisema "amani" kila mahali, kila mwezi, bila kutazama chochote, naye atapatia zaidi ya mara 95. Modeli yangu ilikuwa karibu na mtu huyo. Kipimo cha haki ni kuishindanisha na utabiri rahisi kabisa: mwezi huu utakuwa kama uliopita. Ukishindwa kuupita huo, huna modeli bado. Na usichanganye miezi kama karata unapotenga data ya kupimia. Kata kwa wakati: fundisha kwa ya zamani, pima kwa iliyofuata. Mimi nilipokata mwishoni mwa 2020, modeli haikuona dalili yoyote ya M23, kundi la waasi lililokuwa karibu kimya tangu liliposhindwa Novemba 2013, kisha likarudi vitani Novemba 2021. Niliiambatanisha ripoti na aibu hiyo. Msomaji wa ripoti alihitaji kujua kwamba chombo hiki kinaona moto unaoendelea kuwaka, na hakioni kiberiti.

Siku hizi kila Ijumaa asubuhi tunakaa, mimi na mzee yule kwa simu kutoka Butembo, na mistari 20 ya wiki hiyo. Namsomea mahali, siku na anayetajwa. Mingine ananiambia ni kijiji gani, njia ipi, upande gani wa mto. Mingine anasema, "Hii sijui, mwanangu." Hiyo hatuiweki mjini tena. Inaingia kwenye modeli kama eneo zima la Beni, ikiwa imegawanywa kwenye miraba yake yote, na kwenye ramani ina rangi ya kijivu.