Wataniingiza kamera tumboni Jumanne: je, wasipoona kitu?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, naishi Tanga. Huu ni mwaka wa tatu naumwa chini ya kitovu, zaidi upande wa kushoto, na maumivu yanashuka hadi kiunoni. Siku za hedhi siwezi hata kusimama jikoni, na tendo la ndoa limegeuka mateso. Nimetibiwa PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, mara nne. Ultrasaundi mbili zimesema kila kitu kiko sawa. Sasa daktari wa wanawake amenipangia Jumanne ijayo wapitishe kamera tumboni "waangalie". Sipati usingizi. Naogopa nusukaputi, naogopa kuzinduka nikaambiwa kizazi kimetolewa. Lakini kinachoniumiza zaidi ni hiki: wasipoona kitu je? Mama mkwe anasema ni chango tu, na mume wangu ameanza kuniona mtu wa visingizio.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, miaka mitatu si mchezo. Nitaanza na hilo ulilolitaja mwisho, maana wagonjwa wangu wengi hulificha mpaka siku ya operesheni, wakiwa tayari wamevaa gauni la kijani.

Kati ya wanawake wanaopimwa kwa kamera kwa sababu ya maumivu ya nyonga ya muda mrefu, theluthi moja hadi nusu hawakutwi na kitu cha kuonekana. Nakuambia mapema ili majibu hayo, yakija, yasikuangushe. Kamera inaona juu ya viungo. Inaona mfuko wa uzazi kwa nje, mirija, ovari, utumbo, ini. Haioni kilichojificha ndani ya nyama ya mfuko wa uzazi, na kuna ugonjwa unaokaa humo humo, adenomiosisi, unaosababisha hedhi yenye maumivu makali kama unayoyaeleza. Haioni mishipa ya fahamu iliyochokozwa kwa miaka mpaka ikawa inapiga kelele kwa kuguswa kidogo. Haioni misuli ya sakafu ya nyonga iliyojikaza, wala utumbo unaosokota bila kidonda. Kwa hiyo "hatukuona kitu" maana yake ni kwamba yale yanayoonekana kwa kamera hayapo, basi. Maumivu yako yanabaki kuwa ya kweli, na matibabu yanaendelea kwa njia nyingine: dawa za homoni, mazoezi ya tiba ya misuli ya nyonga, uchunguzi wa kibofu na tumbo.

Na mama mkwe usigombane naye. Bibi zetu waliposema chango walikuwa wanataja maumivu waliyoyajua vizuri, ila hawakuwa na njia ya kuchungulia yanakotoka. Chango ni jina la maumivu. Ugonjwa wenyewe ndio tunaoutafuta Jumanne.

Sasa tunatafuta nini? Kwa maelezo yako, na bila mimi kukupima, namba moja kichwani mwangu ni endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, inavimba na kuvuja kila mwezi. Inakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Madoa yake mengine ni madogo kuliko punje ya mtama, meusi kama masizi ya sufuria, mengine mekundu au hayana rangi kabisa. Ndiyo maana ultrasaundi zako mbili kusema "sawa" hakunishangazi, kwani madoa kama hayo huwa hazionyeshi. La pili ni makovu yanayogandisha viungo pamoja, mara nyingi baada ya maambukizi. Hapa kuna jambo linalokuhusu hasa. Umetibiwa PID mara nne, na pengine hakuna aliyethibitisha hata mara moja. Mpasuaji mzuri, akishamaliza kuangalia nyonga, huielekeza kamera juu hadi kwenye ini. Kwa baadhi ya waliowahi kupata PID kweli, kati ya ini na ukuta wa tumbo hukutwa nyuzi nyembamba zilizokazwa kama nyuzi za gambusi. Mwombe aangalie huko na aandike alichokiona. Kifua kikuu cha mirija nacho kipo kwetu. Wakikishuku watachukua kinyama kwenda maabara, na kinatibika kwa dawa.

Kuhusu nusukaputi, mtu wa usingizi hakuchomi sindano akaondoka. Anakaa kichwani kwako mwanzo mpaka mwisho, anaangalia pumzi, mapigo na hewa ya oksijeni iliyo kwenye damu. Hewa hiyo inapimwa kwa kibanio kidogo kidoleni, kwa hiyo wikendi hii usiende kupaka hina nyeusi wala rangi ya kucha, vinaweza kukipotosha. Chakula chochote kinasimama muda wa saa 6 kabla ya operesheni, maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa wodi wamekuambia vinginevyo. Mtajie mtu wa usingizi kila unachokunywa, pamoja na mizizi na mchanganyiko wa vitunguu saumu uliopewa nyumbani. Hatakusema, anataka kujua kwa ajili ya damu na presha yako. Na hedhi ikiingia Jumatatu usiahirishe kwa aibu. Wapigie uwaambie, mara nyingi kazi inaendelea kama kawaida.

Ukishalala, wanakata sentimita moja hivi kwenye kitovu, wanajaza tumbo gesi ya kaboni ili viungo viachane, kitanda kinainamishwa kichwa kiwe chini utumbo usogee, kisha kamera inaingia. Tundu lingine moja au mawili ya nusu sentimita yanakuwa chini, karibu na mstari wa chupi. Kuangalia tu ni nusu saa hivi. Wakipima na mirija, watapitisha dawa ya bluu, na mkojo wako unaweza kutoka wa bluu au kijani. Usishtuke. Koo litawasha kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Kinachowatisha wengi ni bega: siku moja au mbili bega linauma, mtu anadhani ni moyo. Ni gesi iliyobaki inachokoza kiwambo cha chini ya mapafu, na mshipa wake wa fahamu ndio unaopeleka habari begani. Tembea taratibu, kunywa dawa ya maumivu, inaisha.

Hatari zipo, sitakuficha. Kuumiza utumbo, kibofu au mshipa mkubwa wa damu hutokea kwa kama wanawake 2 katika kila 1,000, na hapo huenda wakalazimika kufungua tumbo. Ukishafika nyumbani, kila siku iwe nafuu kuliko jana. Tumbo likizidi kuuma siku ya pili au ya tatu, ukipata homa, ukitapika, tumbo likijaa na kukaza, au mkojo ukigoma, usingoje siku ya kliniki. Rudi hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Kizazi hakitolewi kwa kuangalia. Kinaweza kutolewa bila kukuuliza pale tu maisha yako yakiwa hatarini mezani, na kwenye kipimo hiki hilo ni nadra mno. Ila fomu ya ridhaa isome, usisaini ukiwa umesukumwa kwenye korido. Wewe ni mtu mzima, ridhaa ni yako. Ukikuta maneno ya jumla kama "na lolote litakalohitajika", muulize mpasuaji: ukikuta endometriosisi utaichoma au kuitoa papo hapo, au utanirudisha siku nyingine? Ukikuta uvimbe kwenye ovari, utatoa uvimbe au ovari nzima? Usichokitaka, kiandikwe kwenye fomu hiyo hiyo kabla ya sahihi yako.

Jambo la mwisho ni mume wako. Njoo naye Jumanne. Daktari atakuja kukueleza wakati bado una usingizi, utaitikia "ndiyo, ndiyo" na jioni hutakumbuka neno. Yeye asikie kwa masikio yake, na muombe picha za ndani pamoja na nakala ya ripoti ya operesheni. Kabla ya siku hiyo chukua daftari la mtoto, uandike tarehe za hedhi tatu zilizopita, maumivu yalianza lini, yalikwenda wapi, na dawa gani ilisaidia. Mpe mpasuaji daftari hilo Jumatatu ukilazwa, asilipate baada ya kutoka chumba cha upasuaji.