Friza inazima inveta: je, ninunue inveta kubwa zaidi?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Manyatta, Kisumu. Nyumbani kwetu samaki ndiyo chakula chetu kikuu. Kila Jumamosi mama watoto hushuka Dunga kununua ngege wa wiki nzima na kipande cha mbuta, na ndiyo sababu tulinunua friza ndogo ya kufungulia juu. Tatizo ni stima kupotea usiku. Mwezi huu tumetupa samaki mara mbili, na watoto walilia kwa sababu walikuwa wameahidiwa ngege wa kuchemsha. Mimi hupenda kujaribu vitu kwa mikono yangu, kwa hivyo nilijitengenezea mfumo: betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100, inveta ya wati 1000 (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), na nyaya za milimita 2.5 za mraba zilizobaki tulipoweka umeme nyumbani, urefu wa mita moja na nusu kila mmoja, zikashikwa na klipu kwenye betri. Taa, simu na televisheni vinawaka bila shida. Nikichomeka friza, inanguruma kidogo, inveta inalia pii pii, kisha inazima. Nikijaribu tena papo hapo, hali ni ile ile. Lebo ya friza inasema wati 100. Aliyeniuzia inveta anasema nichukue ya wati 3000. Betri nimeiweka jikoni nyuma ya mlango, karibu na mtungi wa gesi, ili watoto wasiifikie. Ninunue hiyo kubwa?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya hesabu yoyote, naomba uinuke sasa hivi uitoe hiyo betri kando ya mtungi wa gesi. Betri ya maji ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu na inayowaka upesi. Nayo klipu inapogusa nguzo ya betri hutoa cheche, bila shaka umeziona mwenyewe. Cheche, haidrojeni na mtungi wa gesi katika kona moja ya jikoni ni jambo ambalo singelala nalo hata usiku mmoja. Ipeleke mahali penye hewa, iinue kutoka sakafuni, uifunike na kreti ya plastiki yenye matundu ili watoto wasiiguse lakini ipumue. Ukishamaliza, rudi tuendelee.

Sasa swali lako. Usinunue inveta ya wati 3000. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika karibu kamili kwamba kinachokuangusha ni zile nyaya za 2.5.

Wati 100 za kwenye lebo ni za friza ikiwa tayari inatembea. Wakati wa kuwaka, mota ya kompresa, ile pampu ya gesi ya baridi, hunyonya mara tano hadi nane ya kiasi hicho kwa muda mfupi sana. Tuchukue wati 800. Inveta yako ya wati 1000, kama maandishi yake ni ya kweli, inaweza kuzibeba. Lakini wati 800 kwenye volti 240 ni ampea tatu na kitu tu, ilhali upande wa betri, kwenye volti 12, ukijumlisha na kinachopotea ndani ya inveta, zinakuwa ampea kama 75. Hizo ampea 75 unazipitisha kwenye waya uliotengenezewa soketi za ukutani.

Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani mdogo, lakini si sifuri. Mita tatu, yaani kwenda na kurudi, kwenye ampea 75 zinakula takriban volti moja na nusu. Betri iliyojaa ina volti 12.6, na mzigo mzito ukiishika ghafla yenyewe hushuka. Toa volti moja na nusu ya nyaya, toa na kinachopotea kwenye klipu, inveta inabaki ikiona volti 10.5 au chini ya hapo. Inveta nyingi zimepangiwa kulia na kujizima hapo hapo ili kuilinda betri. Kwa hiyo ile pii pii ni inveta ikikuambia kwamba volti hazinifikii. Ukiweka ya wati 3000 kwenye nyaya hizo hizo italia vilevile, na mfuko wako utakuwa mtupu.

Usiniamini kwa maneno, pima. Tafuta mita ya kawaida ya kupimia umeme na balbu ya zamani ya wati 100, ile ya kuwapashia vifaranga joto. Jirani mwenye kuku hatakunyima kwa dakika kumi. Washa balbu kupitia inveta. Hapo betri inatoa kama ampea 10, kwa utulivu. Weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Ncha moja iguse nguzo chanya ya betri yenyewe, ile ya madini ya risasi, si klipu. Ncha ya pili iguse skrubu ya chanya pale kwenye inveta. Unapima ncha mbili za waya mmoja, kwa hiyo ingefaa usome karibu na sifuri. Mimi natarajia usome 0.1, na kama klipu zimelegea, hata 0.2 au 0.3. Rudia kwenye waya wa hasi. Sasa jumlisha namba hizo mbili na uzidishe mara saba na nusu, maana friza ikiwaka inavuta ampea 75 badala ya 10. Hiyo ndiyo hasara yako.

Dawa yake ni waya wa milimita 25 za mraba, mfupi kadiri iwezekanavyo. Kwa urefu ule ule, hasara inashuka kutoka volti moja na nusu hadi kama 0.15. Waulize wauza vifaa vya kuchomelea chuma pale Kibuye. Waya wa mashine ya kuchomelea ni laini, unajikunja vizuri, na mara nyingi ni shaba. Nasema mara nyingi kwa sababu siku hizi kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, urudishe. Achana kabisa na klipu: mwambie fundi akubanie lagi za shaba, yaani vichwa vya waya vyenye tundu, kila mwisho, zikazwe kwa nati. Na kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ya ampea 100. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa la moto kabla hujafika mlangoni.

Kuna kosa la pili katika maelezo yako, nalo ni dogo kwa maneno lakini linaua kompresa: umesema unajaribu tena papo hapo. Kompresa ikisimama, upande wake mmoja unabaki na gesi yenye shinikizo kubwa, ambayo hupenya polepole kwenye kibomba chembamba kama uzi hadi pande mbili zilingane. Inachukua dakika tatu hadi tano. Ukiwasha kabla ya hapo, mota inasukuma ukuta. Haizunguki, inavuta umeme wote wa kuwakia bila kuacha, kisha utasikia tik nyuma ya friza: hiyo ni kinga yake ikikata kwa sababu ya joto. Kila tik inapunguza umri wa kompresa. Friji gadi (kifaa cha kulinda friji) inayochomekwa ukutani inafanya kazi hiyo ya kusubiri kwa niaba yako, lakini ukihamisha plagi kwa mkono kwenda kwenye inveta, hesabu dakika tano kamili ukitazama saa. Na tafadhali, usiingize kamwe umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani ili uwashe nyumba nzima. Umeme huo unaweza kurudi kwenye nguzo za nje na kumkuta mtu juu ya ngazi.

Jambo la inveta yenyewe nitalipitia haraka. Za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi, ambalo taa na chaja hazilijali lakini mota hulisikia: inanguruma zaidi na kupata joto zaidi. Kama yako ni ya aina hiyo, itafaa kwa usiku wa dharura, si kwa kila siku. Siku utakayobadilisha, nunua ya wimbi laini ya wati 1000 hizo hizo, na usome kama wati zilizoandikwa ni za kudumu au za kilele tu.

Hapo sasa friza itawaka. Lakini itakaa muda gani? Betri yako ina wati-saa 1200 kwenye karatasi. Ni betri ya gari, yenye sahani nyembamba zilizoundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa tena na gari. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, haitamaliza mwaka vizuri. Kwa hiyo una wati-saa 600. Friza hupumzika karibu nusu ya muda, basi pamoja na ulaji wa inveta yenyewe tuseme wati 70 kwa wastani. Ni saa nane na kitu, betri ikiwa mpya na imejaa. Kisha itahitaji kutwa nzima kujazwa.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu naijua hasara ya samaki. Nyumbani kwetu Ahero tuliwahi kupoteza mbuta mzima, na aliyemharibu ni mimi. Kila nusu saa nilifungua friza kuangalia kama bado ana barafu. Kila nilipofungua nilikuwa naitoa baridi iliyobaki kwa mikono yangu.

Friza yako tayari ni betri, ndugu yangu. Ni betri ya baridi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa ikiwa imeganda kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Nikitazama hali yako, nadhani mlipotupa samaki friza ilikuwa robo tu, hasa siku za Alhamisi na Ijumaa wakati wengi wameshaliwa, na ndani kukawa na hewa tupu. Hewa haihifadhi baridi. Barafu inahifadhi.

Chukua chupa za soda za lita mbili, tano. Jaza maji, uache nafasi ya vidole vinne juu, maana maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Lita kumi hizo zikiganda, ili ziyeyuke zote ni lazima zinyonye joto la wati-saa 930. Linganisha na wati-saa 600 unazoweza kutoa kwenye betri yako: kwa kazi ya kutunza samaki, chupa tano za bure zinasimama bega kwa bega na betri uliyoinunua kwa pesa nyingi, na hazichakai.

Kuna jambo moja la kuangalia. Maji matupu huyeyuka kwenye sifuri, na samaki huanza kulainika kabla ya hapo, kwenye nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Kwa hivyo chupa tatu kati ya tano zitie chumvi ya kawaida, gramu 100 kwa kila lita. Maji hayo huanza kuganda kwenye kama nyuzi 6 chini ya sifuri, na barafu yake huyeyuka kabla ya kupita hapo, basi yanamshikilia ngege akiwa bado mgumu. Uwezo wake kwa lita ni pungufu kuliko maji matupu, lakini yanafanya kazi pale unapoihitaji. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito, mtoto asije akanywa. Usiingize zote siku moja. Mbili leo, mbili kesho, ili kompresa isielemewe. Kila paketi ya samaki ikitoka, chupa iingie mahali pake.

Mwambie mama watoto, kwa heshima, kwamba ngege wakitoka Dunga watolewe matumbo na matamvua siku hiyo hiyo, wafungwe wawili wawili wakiwa wamelala bapa, kisha wapangwe katikati ya chupa. Paketi bapa huganda upesi, na jioni anatoa moja bila kuvuruga nyingine.

Kujua kilichotokea mkiwa mmelala, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi juu ya barafu, ukiache ndani. Asubuhi, sarafu ikiwa bado juu, samaki wako salama. Ikiwa imezama kidogo lakini samaki bado wana chembe za barafu mwilini, wanaweza kugandishwa tena, ingawa nyama italegea kidogo. Mimi ningewakaanga siku hiyo. Ikiwa iko chini kabisa na samaki wamepata joto kwa saa nyingi, watupeni. Kuchemsha hakuondoi kila sumu iliyoachwa na vijidudu.

Utaratibu wangu kwa nyumba yako ungekuwa hivi: stima ikipotea, friza isifunguliwe na isichomekwe kwenye chochote kwa saa kumi za kwanza. Betri iachie taa na simu. Ikipita hapo, ichomeke kwenye inveta kwa saa mbili au tatu, baridi irudi, kisha uitoe. Ukifanya hivyo, hiyo betri moja inakutosha, na fedha za inveta ya wati 3000 ziende kwenye waya, lagi na fyuzi, na nyingine zibaki.

Pima kwanza kabla hujaenda Kibuye, kisha niandikie zile namba mbili, ya waya wa chanya na ya waya wa hasi. Moja ikizidi nyingine sana, tatizo liko kwenye klipu ya upande huo, na nitakuonyesha jinsi ya kuisafisha wakati unasubiri lagi.