Notisi ya Siku 60

SWALI: Mume wangu alikopa benki akaweka nyumba yetu rehani ili akuze duka la vifaa vya ujenzi. Biashara imedorora, marejesho ya 640,000 kwa mwezi hayajalipwa miezi minne, na juzi tumeletewa notisi ya siku 60. Yeye anasema tuinyamazie. Mimi sikuwahi kusaini chochote. Tufanyeje?
Mama wa watoto watatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Msinyamaze. Andikeni juu ya bahasha tarehe mliyoipokea, maana Sheria ya Ardhi inahesabu siku 60 tangu notisi ilipowafikia. Ndani ya siku hizo mnachodaiwa ni malimbikizo: 640,000 mara 4, yaani 2,560,000, pamoja na riba ya kuchelewa. Zikiisha, benki inaweza kudai salio lote kwa mkupuo na kuuza nyumba. Milioni mbili na nusu mnaweza kuzihangaikia. Salio lote, kwa duka lililodorora, ni mlima.

Kwa hiyo mumeo aende benki wiki hii na barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho. Ataje kiasi anachoweza kulipa kila mwezi na tarehe ya kuanza, aambatishe daftari la mauzo la miezi mitatu. Apeleke nakala mbili, yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Aombe pia, kwa maandishi, adhabu ya kuchelewa ipunguzwe. Hili watu hulisahau: hela ndogondogo humezwa na adhabu na riba kwanza, mtu analipa miezi sita na deni la msingi liko palepale. Na fedha ziingie kwenye akaunti ya mkopo. Asimkabidhi afisa mikopo mkononi hata shilingi.

Kuhusu saini yako: nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na benki inatakiwa kuhakikisha kama mkopaji ana mke au mume. Lakini ikiwa mumeo aliapa kwamba hana mke, benki itasema ilitimiza wajibu wake, na kesi yako itakuwa ngumu. Muulize leo alisaini nini, kisha ombeni nakala za mkataba na fomu ya ridhaa. Ukikuta jina lako na saini usiyoijua, mwone wakili au msaidizi wa kisheria kabla siku 60 hazijaisha.

Hesabu ikigoma kabisa, ombeni ridhaa ya benki muiuze nyumba wenyewe. Mnunuzi alipe deni moja kwa moja benki, rehani ifutwe, hati itoke, kinachobaki ni chenu. Mnadani nyumba mara nyingi huenda kwa bei ya kutupa.

SWALI: Dalali amebandika tangazo ukutani kwamba nyumba ya baba, aliyoiweka rehani benki, itanadiwa baada ya siku nane. Ni halali?
Kijana wa Chumbageni

JIBU: Sheria inataka tangazo la mnada wa ardhi litoke siku zisizopungua 14 kabla, mjini na mahali pa mnada, kwa Kiswahili pia, likitaja jina la mwenye mali na anakoishi. Ulipige picha, karatasi na ukuta vionekane pamoja, na uandike siku lilipobandikwa. Kama hapakuwa na tangazo jingine la mapema, hiyo ni hoja nzito. Baba aende na wakili kuomba zuio la mahakama kabla ya mnada, kwa sababu aliyenunua kwa nia njema analindwa na sheria, na kumng'oa baadaye ni kazi kubwa. Baba akipata fedha, bado anaweza kulipa na kuikomboa nyumba kabla mauzo hayajafungwa.

Ikiuzwa, linganisha bei. Kama nyumba za namna hiyo mtaani zinakwenda milioni 60, bei ya milioni 45 au chini yake ni pungufu kwa asilimia 25 au zaidi. Hapo sheria inachukulia kwamba benki haikutafuta bei nzuri, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Daini mchanganuo wa mauzo kwa maandishi: deni, gharama za dalali, na chenji ya baba.