Kabla Hujasaini Mkopo wa Nyumba, Uliza Rejesho Linaweza Kufika Wapi

Soko la nyumba la Marekani lilipoporomoka nilikuwa nikiishi Atlanta, na kwa kuwa nilikuwa nikiwasomea jamaa zetu wa Afrika Mashariki barua za benki, mikataba mingi ya miaka ile ilipita mikononi mwangu. Nilichojifunza ni kwamba bei kushuka peke yake hakumtoi mtu nyumbani kwake. Kinachomtoa ni rejesho la mwezi lililomshinda.

Mkataba uliouzwa sana kwa wenye rekodi hafifu ya mikopo ulikuwa wa miaka 30: miaka 2 ya mwanzo riba haiguswi, kisha inabadilika kila miezi 6 kufuata soko. Benki Kuu ya Marekani nayo ilipandisha riba yake kutoka asilimia 1 katikati ya 2004 hadi 5.25 katikati ya 2006. Mama mmoja aliyekuwa akitunza wazee aliniletea barua iliyosema rejesho lake litatoka dola 1,100 hadi zaidi ya 1,600, ilhali mshahara ulikuwa pale pale. Dalali alikuwa amemhakikishia kwamba bei ikipanda atachukua mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani. Bei zilianza kushuka, deni likazidi thamani ya nyumba, na hakuna benki iliyokubali kumkopesha.

Dalali na mkopeshaji walijiona hawana cha kupoteza, kwani mikopo iliuzwa Wall Street, kitovu cha fedha cha New York, ikachanganywa kwa maelfu na kugeuzwa hatifungani, yaani hati za madeni zinazouzwa kwa wawekezaji, ambazo nyingi zilipewa daraja la juu kabisa la usalama. Septemba 2008 Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji iliyokuwa imebeba hatifungani kama hizo, ilifilisika, na kufikia Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10. Hapo hata wenye riba isiyobadilika walianza kupoteza nyumba, maana kipato kilikatika. Nyumba zilizotwaliwa ziliota nyasi, mabomba ya shaba yakang'olewa, na thamani ya nyumba za majirani waliolipa bila kukosa ikashuka pia, jambo ambalo hadi leo naliona kuwa dhuluma.

Kwa hiyo, hasa kwa msomaji aliyeko Kenya, ambako mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika, mwombe ofisa wa mikopo akuandikie rejesho litakuwa kiasi gani riba ikipanda kwa pointi 3 za asilimia, kisha ulipime kwa mshahara wa mmoja wenu, hata kama mnafanya kazi wawili. Usitoe akiba yote kwenye malipo ya awali. Bakiza marejesho ya miezi 6.

Na mambo yakikaza, nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa rejesho la kwanza. Wengi niliowasaidia walikuja na bahasha ambazo hazijafunguliwa, na Georgia, jimbo ilipo Atlanta, mkopeshaji kwa kawaida hahitaji hukumu ya mahakama ili auze nyumba: tangazo la mnada hutoka gazetini kwa wiki 4, na nyumba hunadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi.