Taa ya Meza ya Kulia kwa Mtindo wa Japandi: Ining'inie Wapi na Iwe na Mwanga Gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba yetu mpya hapa Mafinga. Chumba cha kulia kina mita 4.2 kwa 3.6, dari ni la jipsam na liko mita 2.7 kutoka sakafuni, kuta ni nyeupe, na sakafu ni marumaru za kijivu zinazong'aa. Meza ni ya mninga, sentimita 180 kwa 90, ya watu sita. Fundi alituwekea taa kumi na mbili za kuzama darini, zote nyeupe, pamoja na mkanda wa taa za bluu kwenye kingo za dari. Nilitamani chumba tulivu cha mtindo wanaouita Japandi, lakini ikifika usiku kinafanana na duka la simu. Je, ninunue taa ya namna gani, ining'inie kimo gani, iwe ya wati ngapi, na ni lazima niagize kutoka nje ya nchi?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Dada yangu wa Mafinga, nakushukuru kwa kuandika vipimo, kwa sababu maswali mengi ya taa hunifikia hapa Iringa bila hata kimo cha dari, na bila kimo hicho mshauri hubaki kubahatisha. Kwa vipimo ulivyonipa ninaweza kukujibu bila kuzunguka. Chumba chako hakina upungufu wa taa. Kina taa nyingi mno, tena zilizo juu mno. Utulivu unaoutafuta hautapatikana kwa kuongeza taa ya kumi na tatu juu ya hizo kumi na mbili, bali kwa kuushusha mwanga kutoka darini hadi mezani na kukubali kwamba pembe za chumba zibaki na giza kiasi.

Neno Japandi limeunganishwa kutokana na Japani na Skandinavia, na pande zote mbili zimeshughulikia jambo hilihili kwa muda mrefu. Mwaka 1951 mchongaji Isamu Noguchi alipita katika mji wa Gifu nchini Japani, unaosifika kwa kandili za karatasi na mianzi, akaanza kubuni taa alizoziita Akari, ambazo karatasi yake huuchuja mwanga wa balbu ukawa laini. Nchini Denmark, msanifu Poul Henningsen alitumia miaka mingi akipanga sahani za chuma kuizunguka balbu ili mtu aliyeketi mezani aupate mwanga lakini asiione balbu yenyewe. Taa yake ya mwaka 1958, PH 5, ilipewa jina hilo kutokana na herufi za kwanza za jina lake na sahani yake kubwa yenye kipenyo cha sentimita 50. Mmoja aliificha balbu kwa karatasi na mwingine kwa chuma, lakini hakuna aliyemwachia mlaji aitazame uso kwa uso. Wasomaji waliokulia kwenye chemli wanaufahamu mwanga wa namna hiyo: taa iliwekwa mezani, utambi ukashushwa, na watu wakasogea karibu.

Tuanze na rangi ya mwanga, kwa kuwa ndiyo inayoharibu vyumba vingi katika mikoa yetu na ndiyo rahisi zaidi kuirekebisha. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini, na namba yake huandikwa kwenye boksi la balbu ikifuatiwa na herufi K. Balbu nyingi zinazopangwa mbele katika maduka yetu ni za 6500K, yaani nyeupe inayoelekea bluu, kwa sababu mnunuzi akijaribishiwa dukani mchana huiona hiyo kuwa ndiyo yenye nguvu. Usiku, na hasa katika baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita na wa saba, mwanga huo hukifanya chumba kionekane cha baridi kuliko kilivyo, na ngozi za walioketi mezani huwa na rangi ya majivu. Wewe tafuta 2700K, yaani mwanga unaoelekea manjano, na ukiikosa chukua 3000K. Usichanganye hizo mbili katika chumba kimoja, kwani tofauti yake huonekana mara moja kwenye ukuta mweupe.

Kuna namba ya pili ambayo wauzaji wengi hawaitaji, nayo huandikwa Ra au CRI. Hii hueleza kwa kiasi gani balbu inaonyesha rangi za vitu kama zilivyo, na upeo wake ni 100. Balbu za kawaida huwa na 80 hivi. Kwa meza ya kulia ninasisitiza 90 au zaidi, kwa sababu balbu dhaifu huanza kushindwa kwenye wekundu, na wekundu ndio uhai wa mninga, wa nyanya na wa nyama. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama meza ya mninga ibadilishwe kwa kuwa picha za Japandi huonyesha mbao nyeupe. Hapana. Ukitaka mbao za rangi nyepesi, tengeneza benchi au rafu kwa paini ya Sao Hill iliyo jirani yako, na mninga uuache mahali pake chini ya mwanga unaoustahili.

Sasa kimo na ukubwa. Kofia ya taa, yaani kile kinachoifunika balbu, iwe na kipenyo cha kati ya nusu na theluthi mbili za upana wa meza. Meza yako ina upana wa sentimita 90, kwa hiyo kofia iwe kati ya sentimita 45 na 60. Mimi ningechagua 55 au 60, kofia moja tu, kwa kuwa meza yenyewe ni ndefu na kofia ndogo ingeonekana kama imesahauliwa pale. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 75 hadi 90 juu ya ubao wa meza. Ukichagua 80, na meza ikiwa na kimo cha kawaida cha sentimita 75, ukingo utakuwa sentimita 155 kutoka sakafuni, na kama kofia ina kimo cha sentimita 25, waya utakaoonekana hadi darini utakuwa na urefu wa sentimita 90 hivi. Kabla ya kukata waya, ning'iniza boksi tupu la ukubwa huohuo kwa kamba, kisha wewe na mume wako mketi mkitazamana. Macho yenu yakikutana bila mmoja kuinamisha kichwa, kimo ni sahihi.

Kuhusu wati, ninakuomba uzisahau kidogo. Wati hueleza umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwa ndani ya kofia isiyopitisha mwanga, pana na yenye rangi nyeupe kwa ndani, takriban theluthi moja ya mwanga huo hutua mezani. Meza yako ina eneo la mita za mraba 1.62, kwa hiyo utapata kama luksi 160, yaani lumeni 160 kwa kila mita ya mraba. Hicho ni kiasi kinachotosha kuona miba ya samaki na kisichotosha kufanya mahesabu ya duka, na ndicho ninachokipenda kwa chakula cha jioni. Ukichagua tufe la karatasi mambo hubadilika kabisa, kwa sababu karatasi hurusha mwanga pande zote na sehemu isiyofika moja ya kumi ndiyo inayoifikia meza moja kwa moja. Nyingine huja baada ya kugonga kuta na dari. Hapo utahitaji balbu ya lumeni 1,300 au zaidi, na chumba kizima kitang'aa kwa upole badala ya meza peke yake. Namna zote mbili ni za Japandi, lakini kwa chumba chenye marumaru zinazong'aa kama chako, ninapendelea ya kwanza.

Huna haja ya kuagiza chochote kutoka nje isipokuwa, pengine, balbu yenye Ra 90 kama hutaipata Iringa mjini au Mbeya. Mianzi imejaa katika mkoa wetu, na fundi anayesuka matenga hashindwi kusuka kofia ya kipenyo cha sentimita 60 ukimpa mchoro na mfano wa boksi. Mwambie achane mwanzi uliokomaa kwa miaka mitatu au zaidi, kwa kuwa mwanzi mchanga husinyaa na kupinda. Tena aulize umetoka shamba gani, maana chipukizi lililokatwa kwa ajili ya ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, halikui likawa mwanzi wa kuchana. Fito ziloweshwe katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki kabla ya kukaushwa kivulini, la sivyo wadudu watatoboa na unga wake utakuwa unamwagika juu ya wali.

Vikapu vya Iringa vya milulu ninavipenda sana, na nimeona vikipinduliwa na kufanywa taa. Juu ya meza ya kulia sivishauri vikiwa vitupu. Mwanga hupenya kwenye matundu madogo ya msuko na kuvitia madoa vyakula na nyuso za watu, jambo ambalo huchosha macho baada ya dakika chache. Ukikishonea ndani kitambaa cheupe cha pamba, tatizo hilo huisha. Hali kadhalika mianzi iliyosukwa kwa nafasi: itilie kitambaa au karatasi nyeupe kwa ndani. Karatasi na LED hupatana kwa kuwa balbu hizo hazipati joto kama zile za zamani za waya, lakini hata hivyo balbu isigusane na karatasi.

Kofia moja haitoshi kwa chumba kizima. Meza ikiwaka huku kuta zikiwa nyeusi kabisa, macho hupanda na kushuka kati ya mwanga na giza na kuchoka. Weka taa moja fupi juu ya kabati la vyombo, lumeni 400 hivi, 2700K. Unaweza kuitengenezea kitako kutokana na chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, vile vinavyouzwa katika soko la Matema, ambavyo rangi yake ya udongo inaendana na mninga bila kubembelezwa.

Taa zako kumi na mbili za darini usizing'oe, kwa sababu utaacha matundu kumi na mawili kwenye jipsam. Mwombe fundi umeme azigawe katika swichi mbili. Zile zilizo karibu na kuta zibadilishwe ziwe 2700K na ziwashwe wakati wa kufanya usafi au mnapokuwa na wageni wengi. Zile zilizo juu ya viti zikae zimezimwa, kwani mwanga unaotoka juu ya utosi hutia vivuli machoni na kumfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Kama ni zile paneli ambazo balbu yake haitoki, itabidi ubadilishe taa yenyewe katika tundu lilelile. Epuka zile zinazobadilika rangi tatu kwa kuzima na kuwasha, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, baadhi yake huanza tena na nyeupe katikati ya chakula. Mkanda wa bluu uzime tu; sina la kuongeza juu ya huo.

Swichi ya kupunguzia mwanga ni nzuri, ila si ya lazima. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mzigo unaoanzia wati 40 au zaidi, na balbu moja ya wati 9 huzifanya zitetemeshe mwanga au zisizime kabisa. Ukiitaka, nunua swichi iliyoandikwa kuwa ni ya LED na balbu iliyoandikwa kuwa inaweza kupunguzwa, vyote viwili. Kama nyumba inategemea inveta umeme unapokatika, hakikisha ni ile inayotoa wimbi laini (huandikwa pure sine wave), kwani inveta za bei nafuu hugombana na swichi hizo. Kwa wateja wengi ninaishia kushauri swichi mbili za kawaida, moja ya taa ya meza na nyingine ya taa ya kabati, na watu hupata utulivu wao kwa gharama ndogo.

Jambo ambalo hukuniuliza lakini litakusumbua ni ung'avu. Meza iliyopigwa vanishi ya kung'aa hugeuka kioo, na hata balbu uliyoificha vizuri juu utaiona mezani ikikutazama kutoka chini. Piga msasa laini juu yake kisha upake vanishi isiyong'aa au mafuta ya mbao. Kwa marumaru, mkeka mpana chini ya meza unatosha.

Siku ya kufunga, meza iwe imeshafika na kuwekwa mahali pake. Ninasema hivi kwa sababu niliwahi kutoboa dari la mteja nikifuata mchoro, meza ikaja ikawekwa karibu na dirisha, na taa yangu ikabaki ikimulika mgongo wa kiti. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, azime swichi kuu kabla ya kugusa waya, na ndoana aifunge kwenye branda, yaani mbao zinazoshikilia dari, si kwenye jipsam. Kofia ikiwa ya chuma, waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini ukivuja, uunganishwe. Baada ya kufunga, zima taa usiku na uitazame: balbu ikiendelea kuwaka kwa mbali, yaelekea swichi imekata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme), na fundi airekebishe siku hiyohiyo kabla hujamlipa.

Kabla ya yote hayo, nunua balbu moja ya 2700K, ifunge kwenye taa yoyote ya mezani uliyo nayo, iweke katikati ya meza, uzime zile kumi na mbili, na mle chakula cha usiku. Mume wako akisema ni giza mno, nenda kwenye lumeni 1,000. Asiposema kitu, bakia kwenye 800.