Jibu: Asubuhi nilipimwa sina minyoo ya matende, usiku nikakutwa nao. Nani alikosea?

Mkuu, kwa maelezo yako, hospitalini ulitolewa damu saa 3 asubuhi ukaambiwa huna minyoo. Baadaye timu iliyofika kijijini kwenu ikakupima usiku, ikakukuta nao. Ukameza dawa, ukapimwa tena usiku baada ya wiki mbili, safari hii hakuonekana hata mmoja. Unauliza nani alikosea, na kama mwakani kuna haja ya kumeza tena.

Inawezekana kabisa hakuna aliyekosea. Nimefanya kazi ya maabara na timu za kupima matende na mabusha ukanda wa Tanga kwa miaka mingi, na swali hili limewasumbua watu wengi. Jibu lake ni saa.

Minyoo wakubwa, dume na jike, hawakai kwenye damu. Wanaishi wamejisokota ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, kwa wanaume mara nyingi ile ya korodani. Jike anazaa watoto wadogo mno, urefu wao kama robo ya milimita, na hao ndio wanaoingia kwenye damu. Mchana wanajibanza kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku ukiingia wanaanza kutoka, na kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku ndipo wanapojaa kwenye damu ya kidoleni. Muda huo ndio mbu wetu wa huku wanauma, Culex wa vyoo na mitaro pamoja na Anopheles yule yule wa malaria. Mtoto wa mnyoo asiponyonywa na mbu hawezi kukua akawa mnyoo kamili. Atazunguka kwenye damu miezi kadhaa, pengine hadi mwaka, kisha afe. Kwa hiyo damu ya saa 3 asubuhi inaweza kuwa haina hata mmoja, na ya usiku ya mtu huyo huyo ikawa nao tele.

Mambo haya yanajulikana siku nyingi. Daktari Mskoti Patrick Manson aliyachunguza Amoy, Uchina, miaka ya 1870. Mwaka 1881 Stephen Mackenzie, daktari wa London, alimfanya mgonjwa alale mchana na akeshe usiku, na minyoo nao wakageuza saa zao. Maana yake hawafuati giza la nje; wanafuata usingizi wa mwenye mwili. Baadaye Frank Hawking, mtafiti wa vimelea na baba yake mwanafizikia Stephen Hawking, alionyesha kwamba kiasi cha oksijeni kwenye mapafu kinahusika.

Kwetu Pwani jambo hilo lina uzito wake. Wavuvi wa dagaa wanakesha baharini na karabai, wanalala mchana. Ukienda kupima kijiji cha wavuvi usiku wa giza, nusu ya wanaume huwakuti. Sisi tulikuwa tunapanga kazi siku za mbalamwezi, ngalawa zikiwa zimepumzika, na kila mtu tunamuuliza kwanza analala saa ngapi. Mlinzi wa usiku naye aulizwe vivyo hivyo. Daktari anayeandika "hana" bila kuuliza hilo, mimi jibu lake silipokei.

Natamani kila mtu angeona tone la damu mbichi ya saa 6 usiku chini ya hadubini. Mnyoo mwenyewe kwanza humwoni. Unaona chembe nyekundu zinasukumwa huku na huku, kama nyasi anapopita nyoka. Ukituliza jicho ndipo unamwona anajipinda.

Sasa kuhusu dawa. Ivermectin uliyopewa pamoja na albendazole inafagia watoto wa minyoo haraka sana, ndiyo maana baada ya wiki mbili ulikuwa safi. Lakini wazazi wao wengi wanabaki hai. Uzazi unapungua kwa miezi mingi, kisha pole pole unaanza upya na idadi kwenye damu inapanda tena. Mnyoo mkubwa anaishi miaka mitano, sita, hata minane. Ndiyo sababu kingatiba inatolewa kila mwaka, miaka mitano au zaidi mfululizo, kijiji kizima: tunashikilia idadi chini mpaka minyoo wakubwa wale wafe wenyewe bila mbu kupata cha kubeba. Mafia ilianza kumeza mwaka 2000, Zanzibar mwaka 2001. Kwa hiyo ndiyo, mwakani simama tena kwenye kile kijiti cha kupimia urefu umeze. Anayemeza mara moja akaacha anawarudishia mbu wa mtaa wake chakula.

Kuna kipimo cha ukanda, yaani kipande chembamba kama kikaratasi, kinachotumia tone la damu saa yoyote, mchana au usiku. Hicho kinatafuta alama za mnyoo mkubwa, kwa hiyo kinaweza kuendelea kusoma chanya muda mrefu baada ya damu kusafishika. Ukipimwa hicho usishtuke ukadhani dawa imekataa.

Na mjomba wako uliyemtaja, mwenye busha na damu safi, naye ni jambo la kawaida. Wengi wenye busha au mguu wa matende hawana tena minyoo kwenye damu. Madhara yalikwisha kufanyika kwenye mishipa. Vidonge havitaliondoa busha lake, linahitaji upasuaji, na upasuaji wenyewe si mkubwa. Mpeleke hospitali ya wilaya aonwe. Wewe ukienda kupimwa tena, hakikisha kwenye fomu imeandikwa saa damu ilipotolewa na tarehe uliyomeza dawa mara ya mwisho. Wasipoandika, waombe waandike ukiwa hapo hapo.